Mjomba Aliuliza Kama Walilipwa

Masika yakishika Tanga, fidla ya mjomba huachia gundi. Haiachii kwa kishindo. Huanza na mlio: ukigonga mgongo wake kwa kidole unasikia kitu kinatetema ndani, na baada ya siku mbili tatu unaona mstari mwembamba kama unywele pale ubavu unapokutana na tumbo. Mwaka huu ilikuwa wiki ya pili ya Aprili. Nikaiviringisha kwenye kanga kuukuu ya marehemu bibi, nikaipakata juu ya bodaboda, nikaipeleka Ngamiani kwa fundi samani ambaye ndiye pekee mjomba anayemwamini, na huyo naye anamwamini nusu.

Nusu hiyo ina historia. Mara ya kwanza fundi aliibandika kwa gundi nyeupe ya kopo, ile inayoshika vitanda vya sita kwa sita. Fidla ikarudi imekaza, huoni hata njia ya sisimizi. Mimi kwa utoto wangu nikaona kazi nzuri. Mjomba akaigeuza mikononi, akaiweka mkekani, akasema, "Ameiua." Siku hiyo ndipo nilipojifunza kwamba gundi ya fidla ni ya kuchemsha, ya ngozi na mifupa ya mnyama, na uzuri wake wote ni kujua kushindwa. Hewa ikijaa unyevu, gundi inaachia kabla ubao haujapasuka. Kilichoachia kinabandikwa tena. Kilichopasuka, ndiyo basi. Tangu siku ile fundi huchemsha gundi huku mjomba akimsimamia kwa simu, na mshika simu ni mimi.

Nimeanza na gundi kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwa mtu ninayetaka kumwandika leo. Tarehe 19 Oktoba 2013, katika mji wa Devizes huko Uingereza, fidla moja iliuzwa kwa mnada kwa pauni 900,000, bila kuhesabu ada ya dalali. Ilikuwa, walisema, ya kiongozi wa bendi ya Titanic, na ilielea baharini na maiti yake siku zote hizo mpaka alipookotwa. Nilisoma habari ile kwenye simu nikiwa nimekaa Bustani ya Jamhuri, meli ya mizigo imetia nanga kule nje, na nikacheka peke yangu mpaka muuza karanga akanigeukia. Maji ya bahari! Gundi ya ngozi! Fidla yetu haijawahi kuguswa na tone la maji ya chumvi, inaachia kwa mvuke wa Tanga tu, sembuse kuogelea Atlantiki. Nikasema Wazungu wamepigwa.

Nikaanza kutafuta ili nimthibitishie mjomba kwamba wamepigwa. Mpaka leo sijamaliza kutafuta.

Mwenye fidla aliitwa Wallace Henry Hartley. Alizaliwa tarehe 2 Juni 1878 huko Colne, mji wa viwanda vya pamba katika Lancashire. Baba yake, Albion, alikuwa kiongozi wa kwaya kanisani. Kijana aliajiriwa benki kwanza, kazi ambayo mzazi wa mahali popote duniani angeipenda, kisha akaiacha benki akaenda kupiga muziki: bendi ya mji wa pwani wa Bridlington, mkahawa mmoja Leeds, halafu melini. Kabla ya Titanic alishapiga kwenye Lusitania na Mauretania. Mwaka 1910 alifanya uchumba na Maria Robinson, na Maria ndiye aliyempa ile fidla, ikiwa na kibati cha fedha kwenye kishikizo cha nyuzi, kimechorwa kwamba ni ya Wallace, kwa ajili ya uchumba wao, kutoka kwa Maria. Kwetu mwanamume ndiye hupeleka posa. Huyu alipelekewa, na posa yake ilikuwa na nyuzi nne.

Harusi ilikuwa karibu, na inasemekana alisita kuikubali safari ile. Akaikubali. Tarehe 10 Aprili 1912 Titanic iling'oa nanga Southampton, na kabla ya kuliacha pwani ya Ireland alituma barua kwa wazazi wake akiwaambia meli ni nzuri na inaelekea itakuwa na fedha nyingi ndani yake. Alikuwa anazungumzia tunzo. Hapo nikamjua ni mtu wa namna gani. Mpiga harusi yeyote, akiingia ukumbini, kwanza hutazama viatu vya wageni.

Lakini mimi nilimwona kabla ya kulijua jina lake. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Makorora, kulikuwa na banda la video: televisheni moja juu ya meza, jenereta nje linanguruma, sisi watoto kwenye mkeka wa mbele, watu wazima kwenye mabenchi. Ule mkanda wa Titanic ulirudiwa mpaka ukawa unakwaruza. Inafika pale meli imeinama, watu wanakimbizana, na wanaume kadhaa wamesimama wanapiga fidla zao kama hawaoni. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Hawa nao! Si wakimbie?" Banda zima likacheka. Mimi sikucheka, na si kwa sababu nilikuwa na moyo kuliko wengine. Nilishawahi kumwona mjomba akifanya jambo lile lile.

Ilikuwa harusi ya Chumbageni. Mvua ikashuka ghafla, maji yakajaa kwenye turubai, turubai likashuka upande wa kina mama, sahani za pilau zikaelea. Watu wanapiga mayowe. Mjomba na wenzake walikuwa jukwaani, nao wakasimama ili wakimbie kama watu wengine wenye akili. Mwenye shughuli akawanyooshea kidole akiwa kalowa chepechepe: "Pigeni! Pigeni jamani, msinyamaze!" Wakapiga. Na kweli, kina mama wakatoka taratibu mmoja mmoja, wengine wakicheka, mpaka wa mwisho.

Tangu hapo nimepiga kinanda kwenye harusi nyingi mwenyewe, na nimelisikia neno hilo kila panapotokea balaa. Ugomvi wa wake wawili mlangoni: pigeni. Bwana harusi hajafika na saa nne imepita: pigeni. Umeme umekatika: hebu pigeni hata kwa mdomo. Maana muziki ukinyamaza ndipo watu hutazamana, na wakitazamana ndipo hujua kuna jambo. Siku hizi MC ana kipaza sauti na DJ ana kompyuta, wao ndio wanaoambiwa. Zamani walikuwa wapigaji.

Sasa, usiku ule wa tarehe 14 Aprili 1912 Titanic iligonga siwa barafu saa 5:40 usiku. Bendi ilikuwa na watu wanane, na kwa kawaida walipiga kwa mafungu mawili, watano huku na watatu kule. Usiku ule Hartley aliwakusanya. Walianza kupiga ndani, kwenye ukumbi wa daraja la kwanza, nyimbo nyepesi za kuchangamsha, kisha wakahamia juu sitahani karibu na mashua za kuokolea. Meli ilizama saa 8:20 usiku wa kuamkia tarehe 15. Wanane wote walikufa, pamoja na watu wengine wapatao 1,500.

Hapa nina jambo linalonisumbua, na sijaona likisemwa sana na wanaowasifu. Mashua zote za Titanic zingeweza kubeba watu 1,178, nayo meli ilikuwa na watu kama 2,200. Hata hizo chache hazikujaa. Ya kwanza kushushwa iliweza kuchukua watu 65, ikaondoka na 28 tu. Watu walikataa kupanda. Huku kuna meli kubwa, taa zinawaka, bendi inapiga. Kule kuna kimashua kinaning'inia juu ya giza na baridi. Wewe ungepanda? Mimi ningeomba waendelee na wimbo mwingine. Kwa hiyo huwa najiuliza kama muziki ule, kwa saa ile ya kwanza, uliwatuliza watu kuliko ilivyowafaa.

Nilimwuliza mjomba swali hilo. Lakini mjomba ana foleni yake ya maswali, na lake lilitangulia.

Nilimkuta barazani baada ya alasiri, mwezi ule ule wa Oktoba 2013. Nikamwamkia, akaitikia, nikaketi chini yake kwenye ngazi. Nikamsimulia yote: mji wa pamba, Maria, kibati cha fedha, barafu, wanane wamesimama mpaka maji yanawafika. Nilisimulia vizuri, najijua. Mjomba alisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza akamwaga machicha ya kahawa kwenye mchanga, akaniuliza:

"Walilipwa?"

Sikuwa na jibu, ikabidi nirudi kulitafuta. Na jibu nililolipata ndilo lililonifanya niache kuwaona kama picha ya ukutani.

Hartley na wenzake hawakuajiriwa na kampuni ya meli. Waliajiriwa na wakala, akina Black wa Liverpool, waliokuwa wamejikusanyia mikataba ya bendi za kampuni nyingi za meli. Zamani mpiga muziki wa melini alipata pauni sita na nusu kwa mwezi. Akina Black walipoishika biashara, wakashusha mpaka pauni nne: utakubali au utabaki nchi kavu. Na kwa pauni hizo nne ulitakiwa uzijue nyimbo zote zilizomo kwenye kitabu cha kampuni, nyimbo 352, kwa nambari. Abiria anataja nambari, wewe unapiga.

"Mia tatu na ngapi?" mjomba akauliza.

"Hamsini na mbili."

"Kwa nambari?"

"Kwa nambari, mjomba."

Akapiga mluzi. "Sisi harusi nzima nyimbo kumi na mbili, na nne katika hizo ni ile ile."

Nikamwambia na la tiketi. Wanane wale walisafiri kwa tiketi moja ya daraja la pili, nambari 250654. Kwa hiyo kwenye karatasi walikuwa abiria. Abiria gani anaamshwa saa sita usiku akaambiwa apige? Lakini meli ilipozama na familia zikadai fidia, kampuni ikasema hawa si wafanyakazi wetu, nendeni kwa wakala. Na kwa wakala nako mlango ukafungwa. Waliokuja kusaidiwa walisaidiwa na mfuko wa michango ya wananchi. Wanamuziki wenzao hawakukaa kimya: tarehe 24 Mei 1912 walijikusanya wapatao 500 katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, wakapiga onyesho la kuchangia familia zile, na Edward Elgar mwenyewe, mtunzi mashuhuri wa Uingereza, akiwa mmoja wa walioshika fimbo ya kuongoza.

Ndipo nikamuuliza lile swali langu, kwamba pengine muziki uliwapumbaza watu. Mjomba akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini bahari ina maji.

"Wewe umewahi kuwa chomboni usiku, mashine imezima?"

Sijawahi. Yeye amewahi.

Lazima nieleze kwanza kwa nini mpiga fidla wa Tanga alikuwa akienda Pemba. Tanga ni mji wa taarabu, hilo halina ubishi. Black Star na Lucky Star zilitoka hapa, na Shakila, bint wa Pangani, sauti yake ilivuka mipaka kutoka hapa. Lakini taarabu ya Tanga ilipenda gitaa la umeme na besi. Ilikuwa nyepesi, ya kuchezeka, watu wachache jukwaani. Fidla nne kwa pamoja na ganuni na udi ni mambo ya Unguja. Mpiga fidla Tanga alikuwa kama muuza samaki aliyefungua duka mlimani. Kwa hiyo mjomba alipoitwa ng'ambo hakuuliza mara mbili.

Safari hiyo walikuwa watatu: yeye, mpiga kodiani, na mpiga dumbaki. Harusi ilikuwa Wete. Jahazi lilikuwa na mashine, limebeba vitunguu, mabati na abiria, wengi wao kina mama na watoto. Waliondoka magharibi. Katikati ya mkondo wa Pemba, pale ambapo maji ni meusi hata mchana, mashine ikakohoa ikanyamaza. Kusi lilikuwa limeanza kuchangamka. Tanga likatwekwa, likachanika. Chombo kikawa kinakwenda ubavu-ubavu, mabaharia wawili wameingia ngamani wanafua maji kwa ndoo, na kina mama wakaanza kulia, kwanza mmoja, kisha wote. Mjomba anasema kilio kile kilikuwa kibaya kuliko mawimbi, kwa sababu mabaharia nao walikuwa wanakisikia, na mikono yao ilianza kukosea. Ndoo moja ikaponyoka ikaenda na maji. Zikabaki mbili.

Nahodha akapiga ukelele kutoka nyuma: "Nyie watu wa ngoma! Hebu pigeni kitu!"

Mjomba akaitoa fidla kwenye mfuko. Nyuzi zilikuwa na chumvi, upinde umelowa, unateleza kama sabuni. Anasema hakusikia sauti yake mwenyewe hata kidogo, alikuwa anaona tu mkono unakwenda. Mpiga dumbaki akapiga kwa kujiegemeza kwenye magunia ya vitunguu. Walipiga mpaka mashine ikakubali, na anakisia ilikuwa kama saa moja na nusu. Wakafika Wete asubuhi, wakalala mpaka adhuhuri, jioni wakapiga harusini.

"Umeona?" mjomba akaniambia. "Hatukumpumbaza mtu. Kila mtu alikuwa anajua. Tulimpa baharia nafasi ya kufua maji."

Nikasema lakini Titanic saa ya kwanza watu hawakujua. Akasema labda. Hakunipinga zaidi. Akaongeza kwamba yule wa fidla naye hakujua, nani angekwenda kumweleza mpiga muziki habari za meli? Hilo bado nalitafakari.

Kisha nikauliza swali la kijinga, lile ambalo dunia nzima imewauliza wale wanane: mlipiga wimbo gani?

Mjomba anasema ilikuwa bashrafu, bila maneno, kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuimba. Mpiga dumbaki, ambaye yuko hai na anauza mkaa Sahare, nilimfuata nikamuuliza, akaapa kwamba ulikuwa wimbo wa kumtoa bibi harusi, tena akanipigia mdundo wake juu ya gunia. Mpiga kodiani alishatangulia mbele ya haki, lakini mkewe anakumbuka mumewe akisimulia kwamba ilikuwa kasida, na kwamba kina mama waliipokea wakawa wanaitikia. Watu watatu, chombo kimoja, usiku mmoja, nyimbo tatu. Na hapo hakuna aliyekufa.

Basi usishangae kwamba ya Titanic haijulikani. Harold Bride, kijana wa simu ya upepo aliyeopolewa majini akiwa hai, alisema aliwasikia wakipiga "Autumn". Wengine wakasema ni ule wimbo wa kanisani ambao Wakristo wa kwetu wanaujua kama "Karibu na Wewe", na huo ndio uliokamata duniani kote. Mimi naujua vizuri bila kuwa Mkristo. Huusikia kwa jirani kila panapokuwa na msiba. Tatizo ni kwamba wimbo huo una maneno mamoja na tuni zaidi ya moja. Waingereza walikuwa na zao, Wamarekani na yao. Kwa hiyo Mwingereza na Mmarekani walioko kwenye mashua mbili gizani, wote wakisema "niliutambua", inabidi mmoja wao awe aliusikia kwa moyo na si kwa sikio. Mwenzi mmoja wa Hartley, aliyepiga naye kwenye Mauretania, alisimulia kwamba aliwahi kumuuliza angefanya nini meli ikizama, akajibiwa angewakusanya wenzake wapige, na wimbo huo ulikuwa mmoja wa aliotaja. Mimi nasema walipiga vyote. Muda wa saa kama mbili ni mrefu. Mikono ikiganda kwa baridi, unapiga kile ambacho vidole vinakijua bila kukuuliza.

Kwetu huku mambo ya meli si ya banda la video tena. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi. Tanga na Pemba ni nyumba moja yenye bahari katikati, kila mtaa ulikuwa na matanga yake. Mjomba hajavuka tena tangu mwaka ule. Sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza wimbo wa mwisho uliokuwa unapigwa mle ndani, na sijui kama ningependa kumsikia.

Nirudi kwa Hartley. Meli iliyotumwa kutoka Halifax, Canada, kuopoa maiti, Mackay-Bennett, ilimpata siku kadhaa baadaye. Akaandikwa maiti nambari 224. Walioandika walikuwa makini, kila kitu kilichokuwa mwilini wakakiorodhesha: sare, koti la kahawia, viatu vyeusi, soksi za kijani. Kalamu ya dhahabu yenye herufi za jina lake. Pete. Saa. Mkasi. Kijaluba cha fedha cha viberiti, zawadi ya wafanyakazi wenzake wa kule mkahawani Leeds. Na vichenji vya sarafu. Nilikaa sana kwenye ule mkasi. Mjomba hutembea na wembe mfukoni, umefungwa kwa karatasi, wa kukatia ncha za nyuzi mpya zisimchome mkono. Akipekuliwa langoni huwa ni mjadala.

Fidla haimo kwenye orodha ile. Ndiyo maana walioiona mwaka 2006, ilipoibuka kutoka darini kwa watu, hawakuamini, na ikachukua miaka saba ya vipimo. Kilichokuja kueleweka ni kwamba aliifungasha kwenye begi lake la ngozi na kujifunga nalo. Begi ndilo lililoiponya. Mwezi Julai 1912 Maria aliandika kwenye shajara yake rasimu ya simu ya shukrani kwa waliomrudishia fidla ya mchumba wake. Hakuolewa. Alifariki mwaka 1939, na fidla ikaenda kupita mikononi mwa watu. Nimetazama picha zake kwa kuzikuza mpaka zikachanuka: tumboni ina nyufa ndefu, na haipigiki tena. Ubao ulipasuka. Kwa hiyo kicheko changu cha pale bustanini nakifuta, Wazungu hawakupigwa, na gundi ile ilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani.

Yeye mwenyewe alirudishwa kwao. Meli iitwayo Arabic ilimfikisha Liverpool, baba yake akampokea, na tarehe 18 Mei 1912 akazikwa Colne. Inakadiriwa watu 30,000 hadi 40,000 walisimama njiani, kuliko hata wakazi wa mji wenyewe. Kaburini kwake kumechongwa fidla. Katika wale wanane ni watatu tu walioopolewa, na ni yeye peke yake aliyezikwa nyumbani.

Mwingine katika hao watatu alikuwa Jock Hume, kijana wa miaka 21 kutoka Dumfries, Scotland, mpiga fidla naye, mchumba wake akiwa mjamzito. Alizikwa Halifax. Tarehe 30 Aprili, wiki mbili baada ya kijana kufa, baba yake mzee Andrew Hume aliandikiwa barua na wakala. Haikuwa ya rambirambi. Ilikuwa inadai fedha, pamoja na deni la sare ya marehemu: shilingi 14 na peni 7.

Barua hiyo niliigundua mwaka huu tu, siku niliyokwenda kuichukua fidla kwa fundi. Nikampelekea mjomba vyote viwili kwa pamoja. Aliifungua kanga, akaikagua fidla ubavu kwa ubavu kwenye mwanga wa mlango, huku mimi namsomea. Nilipofika kwenye sare akanyanyua kichwa.

Miaka ya sabini kikundi kimoja cha hapa mjini, jina nalihifadhi, kiliwashonea wapigaji suti za tetroni rangi ya maziwa. Mjomba bado anayo picha: amesimama wa pili kutoka kushoto, kola kubwa kama masikio ya tembo. Waliambiwa ni zawadi ya kikundi. Mwisho wa mwezi wakakatwa, na mwezi uliofuata, na uliofuata. Kikundi kilipovunjika suti zikadaiwa zirudishwe. Ya kwake aliirudisha bila vifungo, na hilo mpaka leo hulisimulia kama mtu anayesimulia vita.

"Huyo mzee," akaniuliza, "baba wa kijana. Alifanyaje?"

"Aliipeleka barua kwenye chama cha wanamuziki. Wakaichapa kwenye jarida lao, kila mtu akaisoma."

Mjomba alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, shangazi akaja na maji, akayakataa kwa mkono, akaendelea kucheka. Halafu akajifuta macho, akaipachika fidla chini ya kidevu. Vidole vyake siku hizi havikunjiki vizuri. Akavuta upinde mara moja, taratibu, kwenye uzi wa tatu, akaegemeza sikio.

"Gundi nyingi," akasema. "Mwambie fundi ameweka gundi nyingi."